Mashine Isiyoguswa

"Katika jengo hili zima hakuna mashine inayonishinda," Shangazi alikuwa akiwaambia wageni wa ofisi, na kabla mgeni hajapata nafasi ya kumsifu, alikuwa ameshaongeza, "isipokuwa hiyo ya kutolea nakala, na birika la umeme, na lifti. Na kengele ya moto. Ile hatujaelewana tangu siku ya kwanza."

Wageni walicheka, naye akacheka nao, na huo ndio uliokuwa ujanja wake. Mtu akikutajia udhaifu wake wa namna nne kwa mdomo wake mwenyewe, humuulizi wa tano. Na huo wa tano ndio uliomharibia mtoto wa kaka yake.

Chuoni hapo kila mtu alimwita Shangazi, kuanzia Mkuu wa Idara hadi walinzi wa getini, ingawa aliyekuwa na haki ya damu kumwita hivyo alikuwa mmoja tu. Alikuwa katibu muhtasi, na ofisi yake ilikuwa kile chumba cha kupitia: huku korido, kule mlango wa Mkuu, na katikati miwani ya Shangazi. Hakuna aliyemwona Mkuu bila kwanza kuonwa na yeye. Meza yake ilikuwa ndefu. Kushoto ilikaa kompyuta kuukuu iliyofutika herufi kwenye vitufe, ambayo aliijua kwa vidole kama mtu anavyojua ngazi za kwao gizani. Barua zote za idara zilitoka humo. Kulia ilikaa kompyuta mpya, kubwa, yenye nguvu kuliko zote ghorofa ile. Ilinunuliwa kwa ajili ya mradi wa kuchora ramani, na wenye mradi wakafunga virago kabla hawajaizoea. Mkuu alisema ikae pale kwa muda. Kitu kikiwekwa mahali kwa muda huota mizizi, nayo ikaota. Shangazi akaifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake, chenye vishada pembeni, na kitambaa kile kikawa kinamwambia kila anayepita: hii haiguswi.

Ukutani, juu ya kabati la mafaili, alikuwa amebandika tangazo alilolichapa mwenyewe kwa herufi kubwa: KOMPYUTA ZA OFISI SI ZA MICHEZO. Alilibandika baada ya kumkuta tarishi akicheza karata kwenye mashine ya Mkuu siku Mkuu amesafiri. Siku ile ulimi wa Shangazi ulikuwa mrefu kuliko korido. Tarishi aliiacha chai yake nusu kikombe na hakuirudia.

Na chini ya kitambaa kulikuwa na drafti. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wakubwa, na nguo yenyewe wakati mwingine umeifuma mwenyewe.

Marehemu mume wake alikuwa seremala, na ubao wa drafti waliouchezea nyumbani aliuchonga yeye, pamoja na kete zake. Walicheza ndoa nzima, na ndoa nzima Shangazi hakuwahi kumfunga hata mara moja. Si kwamba hakumsihi. "Niachie moja tu," alikuwa akimwambia, "nife nimeridhika." Seremala anatikisa kichwa. "Nikikuachia utajua nimekuachia, na hapo nitakuwa nimekufunga mara mbili." Kisha akafa yeye, hajaachia, na ubao ukaingia kabatini chini ya mashuka.

Miaka ikapita. Halafu adhuhuri moja, watu wameenda kula, Shangazi alikuwa akipangusa vumbi kwenye ile mashine mpya, mkono ukagusa hiki, kidole kikabonyeza kile, na kwenye kioo ukatokea ubao wa drafti, umepangwa, unamsubiri. Wenye mradi walikuwa wameuacha humo. Alisogeza kete moja kwa utani tu. Mashine ikasogeza yake. Akasogeza, ikasogeza, na kabla hajakaa vizuri ilikuwa imemlisha kete moja na kumla tatu. Ilicheza kimya, haraka, bila huruma. Shangazi alibaki ameshika mdomo. Ilikuwa kama mtu aliyezoea nyumba amefungua mlango akaingia bila kupiga hodi.

Tangu siku hiyo, adhuhuri ilipofika alifunga mlango kwa ufunguo, akafunua kitambaa, akafungwa, akakirudisha kitambaa na vishada vyake vikikaa vilevile. Hakuhitaji muda mrefu. Kufungwa hakuchelewi.

Ushirika wa kompyuta za chuo ulipoanza, Fundi alikuja kuwaeleza ofisi kwa ofisi. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta wa chuo, mtu mwembamba, siku zote amezungusha waya begani kama anakwenda kufunga mbuzi.

"Shangazi, chuo kina kompyuta mamia," alisema, "na nyingi kazi yake ni kutazama ukuta. Mwenyewe yuko kwenye kikao, au amekwenda zake nyumbani. Na huku watafiti wana hesabu ndefu, ambazo kompyuta moja ikizifanya peke yake, mtafiti atapata jibu na mvi kwa pamoja. Sasa tunaziunganisha zote. Mashine ikikaa bila kuguswa, hesabu ya mtu inaingia kama mgeni na kufanya kazi yake. Mwenye mashine akirudi, akigusa hata kitufe kimoja, mgeni anasimama."

"Anasimama wapi?"

"Tuseme mlangoni. Anasubiri kama dakika kumi. Ukiondoka, anaendelea palepale alipoachia. Ukikaa, anaaga anakwenda kutafuta nyumba nyingine."

"Na siku ya tatu mnampa jembe?"

"Huyu anakuja na jembe lake, Shangazi. Anachoomba ni kipande cha shamba."

"Basi ana adabu kuliko mawifi zangu. Mwambie karibu."

Fundi alicheka, kisha akaelekeza kidevu kwenye kitambaa. "Na hii je? Inatumika?"

Shangazi alilitazama tangazo lake ukutani, nalo likamtazama. "Hiyo siigusi," alisema. "Mimi mtu wa mashine moja, kama nilivyokuwa mtu wa mume mmoja."

Uongo mdogo, wa kumpita fundi tu mlangoni. Fundi akaiunganisha, na wiki hiyohiyo habari ikazunguka jengo zima kwamba mashine bora kuliko zote inakaa kwa Shangazi na haiguswi na mtu.

Habari ikamfikia mtoto wa kaka yake. Huyu alikuwa akisomea shahada ya juu palepale idarani, na wenzake walimwita Binti Mto, kwa sababu hakuwa na mazungumzo mengine. Alikuwa ameuweka mto wa mji ule ndani ya hesabu: kina chake, kingo zake, madaraja, mitaro, mitaa ya bondeni iliyojengwa pasipojengwa. Alitaka kuunyeshea mvua kubwa ndani ya kompyuta, auone unavyojaa hadi unapomwaga maji baharini, ili ajue nyumba zipi zitaingia maji kabla maji yenyewe hayajaenda kuuliza. Taasisi moja ya maji, ng'ambo, ilikuwa imemwandikia kwamba ramani yake ikikamilika na kufika kabla ya siku waliyotaja, ana nafasi kwao. Baba yake, kaka wa Shangazi, dereva mstaafu mwenye goti bovu, alikuwa ameshawaambia majirani wote, na wale wasiokuwepo siku hiyo aliwafuata makwao akichechemea.

Ugumu ulikuwa mmoja. Hesabu yake haikuweza kukatwa vipande. Kule maabara ya mbegu alikuwepo mtafiti waliyemwita Bwana Maharage, naye aliupenda Ushirika kama mtoto anavyopenda mvua, maana hesabu zake zilikuwa vipande maelfu, kila mbegu kivyake. Kipande kimoja kikifukuzwa, hana hasara. Alikuwa akimtania binti kwenye korido: "Dada, si ukate mto wako vipande kama sisi wenzako?"

"Maharage yanahesabika moja moja, kaka. Maji ya saa hii yanatoka kwenye maji ya saa iliyopita. Nikikata mto, nabaki na mabwawa."

Fundi alimshauri vizuri. Alimwambia aiandike hesabu upya kidogo, iwe inajiwekea alama njiani, ili ikifukuzwa ianzie kwenye alama. Lakini programu yenyewe binti aliirithi kwa mwalimu wake, na ndani ilikuwa imesokotana kama nywele za mtu aliyelala nazo mbichi. Kuifumua kungemla wiki, na wiki hakuwa nazo. Akaona njia fupi. Akamwendea shangazi yake.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mto huo unakunywa wewe?"

"Nataka kukuuliza kitu, na unijibu kweli." Alikaa kwenye kiti cha wageni, magoti pamoja, kama alivyokuwa akikaa utotoni akitaka kuomba ruhusa. "Ile hesabu yangu ndefu nataka niianzishe kwenye mashine hii ya kwako, iishie humohumo. Itakaa humo siku nyingi. Mtu akiigusa kidogo, si neno, inasubiri. Akikaa nayo, inafukuzwa, na ikifukuzwa inaanza upya, kutoka tone la kwanza. Ndiyo maana nauliza. Mashine hii kuna anayeitumia?"

Shangazi alikuwa na nafasi hapo. Mlango ulikuwa umefungwa, Mkuu hayupo, na aliyekuwa mbele yake ni mtoto aliyemvalisha nguo za shule kwa mkono wake. Angeweza kusema, mwanangu, mimi hucheza humo kidogo mchana, nitaacha. Maneno hayo yalifika kwenye meno yakageuka. Aliona tangazo, akamwona tarishi na chai yake, akausikia mji mzima ukicheka.

"Tangu iwekwe," alisema, "kinachoigusa ni hicho kitambaa."

Binti akashusha pumzi, akainuka akambusu shavuni. "Ningejua, ningekuja kwako mwanzo."

Na kweli Shangazi aliacha. Wiki ya kwanza adhuhuri ilimkuta amekaa na chakula chake, amegeuza kiti, ameipa mashine kisogo. Wiki ya pili kiti kiligeuka kidogo. Unajua jinsi ahadi inavyokufa: haichinjwi, inafifia. Akaanza kujipigia hesabu yake mwenyewe. Mgeni anasubiri dakika kumi. Mimi hufungwa kwa dakika saba, nane nikijitahidi. Basi nani anaumia? Mgeni atanyoosha miguu mlangoni, mimi nitafungwa, na kila mtu atarudi kazini kwake.

Na ikawa hivyo. Kila adhuhuri alifungwa upesi, na kila alipofungwa, mto wa mtoto wake ukaendelea kutiririka. Hakuna aliyelijua hilo, hata yeye hakulifikiria kwa namna hiyo wakati ule, lakini kushindwa kwake ndiko kulikokuwa kunamlinda binti. Laiti angeendelea kushindwa.

Siku moja binti alisema, akitazama kioo cha kompyuta yake ndogo, "Ajabu. Hesabu yangu inasimama kidogo kila siku wakati wa chakula cha mchana."

"Na yenyewe inakula," alisema Shangazi.

Binti alicheka mpaka akafuta macho. Kicheko kile Shangazi alikuja kukikumbuka kuliko machozi yaliyofuata.

Asubuhi ya siku yenyewe binti aliingia mbiombio. Mto umefika daraja la chini, alisema. Umebakiza mitaa ya bondeni na mdomo wa mto. Kesho utakuwa umemaliza, keshokutwa anachora, na siku inayofuata anatuma, na hapo hajachelewa. Alipotoka, simu ikalia, na alikuwa kaka mtu.

"Dada, mtoto anasema mambo yameiva."

"Yameiva, kaka. Usiyapakue bado."

"Nimeshamwambia fundi cherehani ampime koti. Huko ng'ambo baridi."

Shangazi alicheka naye, akakata simu, akachapa barua za Mkuu. Adhuhuri ikafika. Alijiambia leo hapana. Leo si siku. Kisha akajiambia moja tu, ya kutoa ganzi ya vidole, na nifungwe haraka.

Hakufungwa haraka. Sijui kama mashine nazo huwa na siku mbaya. Siku hiyo ile mashine iliacha pengo upande wa kushoto ambalo haijawahi kuliacha. Shangazi aliliona, akalijua. Lilikuwa pengo la seremala. Ndilo alilokuwa akimwekea mumewe miaka yote bila kujua, na mume akipita humo na kumsafisha. Sasa alikuwa amekaa upande wa pili wa pengo. Alitoa kete yake moja akaiweka mdomoni mwa adui. Sheria ya drafti ni kula lazima. Mashine ikala. Naye akala tatu kwa mruko mmoja, kete yake ikatua mstari wa mwisho, akaipandisha kingi, kete iendayo mbele na nyuma.

Akatazama saa ya ukutani. Dakika kumi zilikuwa zinakaribia. Alijua. Baadaye, alipojaribu kujidanganya kwamba hakujua, hilo ndilo lililomkatalia: alitazama saa, na alijua. Alijua mgeni yuko mlangoni ameshika jembe lake, anamtazama. Angeweza kuinuka, akafunika kitambaa, akauacha ubao ule umesimama hivyohivyo, yeye juu, mashine chini, mpaka kesho mto utakapomaliza. Lakini aliusikia utulivu wa chumba kama vile mtu amevuta kiti amekaa mbele yake, amevuka mikono, anasubiri aone kama mkewe atathubutu. "Ngoja kidogo," alisema Shangazi kwa sauti, na mpaka leo haijulikani alikuwa anamwambia mgeni au marehemu.

Mashine ilipigana. Ilikimbiza kete zake pembeni, ikajificha, ikambana kingi mmoja. Shangazi akapandisha wa pili. Alicheza polepole, akiongea na kioo. Unakwenda wapi, alikiambia. Huko umefunga mwenyewe. Geuka, geuka uone. Mpaka mashine ikabaki na kete moja isiyo na pa kwenda, na kwenye kioo yakatokea maneno kwamba ameshinda.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Alikunja mikono kifuani akacheka kidogo, akalia kidogo, akafunika kitambaa. Ndipo alipotazama saa tena.

Mgeni alikuwa amekwishaondoka.

Alikwenda kutafuta nyumba nyingine, kama alivyoelezwa. Nyumba aliyopata ilikuwa kompyuta ya maktaba, kongwe, yenye wanafunzi wanaoingia na kutoka. Akaanza kutoka tone la kwanza. Akafukuzwa. Akaenda nyingine, akaanza, akafukuzwa. Binti alipofungua kompyuta yake asubuhi ili auone mto ukimwagika baharini, aliuona umerudi milimani, hata mvua haijanyesha.

Alikuja ofisini na Fundi. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigiwa simu ya msiba na bado ameshika simu.

"Mashine iliguswa," Fundi alisema. "Mwenyewe alirudi akakaa. Ndivyo inavyoonyesha. Nani alikaa, haijui."

Wote wawili walimtazama Shangazi. Si kwa kumshuku. Walimtazama kama watu wanavyomtazama mwenye nyumba wakiuliza habari za mwizi.

"Labda dada wa usafi," alisema Shangazi. "Anapangusapangusa sana yule. Nimeshamwambia."

Maneno ni kama maji, yakimwagika hayazoleki. Yalifika kwa msimamizi wa usafi siku hiyohiyo. Dada wa usafi aliapa hakugusa kitu, na kadiri alivyoapa ndivyo alivyoonekana ana sababu ya kuapa. Wakamwondoa kwenye ofisi zenye mashine, wakampeleka karakana ya mbao, kwenye vumbi la randa lililomkohoza. Tangu hapo Shangazi alifagia ofisi yake mwenyewe. Waliomwona ameinama na ufagio walisema, mama wa watu ana roho nzuri, hataki kusumbua.

Binti alituma ramani aliyokuwa nayo. Upande wa juu mto ulikuwa na rangi, bluu nzito na bluu nyepesi. Chini ya daraja karatasi ilikuwa nyeupe, kana kwamba maji yalifika pale yakaogopa kuendelea. Taasisi ilijibu kwa heshima sana. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Kaka mtu alilikunja lile koti akaliweka juu ya kabati, na majirani walipouliza aliwaambia mambo ya ng'ambo yana mizunguko. Hakuwafuata tena makwao.

Binti alikuja kumaliza hesabu yake baadaye sana, wakati hapakuwa na aliyeingoja. Alipata kazi ofisi ya maji ya mji, ya kuzunguka nyumba hadi nyumba akisoma mita. "Maji bado ni maji, Shangazi," alisema siku moja, akitazama viatu vyake vyenye tope. Shangazi alicheka kwa sababu alitegemewa acheke.

Alikusudia kumwambia. Alikusudia siku ya kumpeleka kaka hospitali kwa ajili ya goti, wakiwa kwenye benchi wawili tu. Akaanza, "Unajua, mwanangu," na binti akageuka, akasema, "Naam, Shangazi," na uso ule ukiwa karibu hivyo, akamwambia habari za bei ya nyanya. Alikusudia tena, na tena. Hakurudia kucheza. Kitambaa kilikaa juu ya mashine ile mwaka mzima, sasa kweli hakiguswi. Na kilichomtesa, jambo ambalo asingelikiri hata kwa padri au shehe, ni kwamba ule ushindi bado ulikuwa mtamu. Ulikaa mdomoni kama kaa la moto lililopakwa asali. Hakuweza kuumeza, hakuweza kuutema. Mara moja katika maisha yake alishinda, na hapakuwa na mtu chini ya jua aliyeweza kuambiwa.

Ikafika wiki ya kustaafu. Binti aliomba ruhusa kazini akaja kumsaidia kufunga vitu. Walijaza makasha: vikombe, kalenda za miaka iliyokufa, viatu vya akiba. Binti alipanda kwenye kiti akalibandua tangazo la ukutani, akalisoma, akalikunja nne akaliweka kashani. Kisha akaifikia ile mashine, akakitoa kitambaa, akaanza kukikunja polepole, kishada juu ya kishada.

"Fundi anakuja kuihamisha kesho," alisema. "Jana alikuwa anaisafisha kutoka kwake, kwa mtandao. Ameniambia jambo la kuchekesha."

"Lipi hilo?"

"Eti mlikuwa na drafti humu ndani."

"Drafti?" Shangazi alikuwa ameinama kwenye kasha. Hakuinuka. "Watu wa mradi hao. Walikuwa hawana kazi."

"Ndivyo nilivyomwambia." Binti alilainisha kitambaa kwa kiganja. "Anasema kuna mtu alikuwa akiicheza. Na huyo mtu, Shangazi, mchezo haujui kabisa. Fundi amecheka mpaka basi. Alikuwa anafungwa kila siku, kila siku, kama ng'ombe anayepelekwa josho."

"Watu wana mambo."

"Hakushinda hata mara moja."

Shangazi alinyanyua kikombe, akakifunga kwenye gazeti. Akakifungua, akakifunga upya. "Hata mara moja?"

"Hata moja. Fundi anasema hata kuku akiachwa adonoe vitufe angepata moja kwa bahati."

"Huyo Fundi wako ajifunze kuangalia," Shangazi alisema, akiinuka, mgongo umenyooka kama wa msichana. "Hata moja? Ile ya mwisho nilimfunga. Nilimlisha moja nikala tatu, nikapandisha kingi wawili, akabaki na kete moja kule pembeni, hana pa..."

Kikombe kilikuwa bado mkononi.

Binti hakuwa anacheka. Alikuwa amekishika kitambaa kifuani kwa mikono miwili, kimekunjwa vizuri, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Fundi hajaniambia chochote, Shangazi. Drafti niliikuta humu mwenyewe," alisema. "Ya mwisho ilikuwa siku gani?"